Ugonjwa wa VHL: namna ya kuukusanya kwenye karatasi moja

Nashona kanzu na sare za madrasa hapa Majengo, Pumwani, Nairobi. Mwaka 2017, nikipima bega la mteja, niliona mistari ya utepe imepinda katikati. Nikafunga jicho la kulia, ikanyooka. Nikafunga la kushoto, ikapinda tena. Nilidhani ni miwani tu. Daktari wa macho alinitia matone, akasubiri mboni zipanuke, akanimulika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa macho: "Kwenu kuna aliyepasuliwa kichwa?"

Alikuwapo. Kaka yangu mkubwa alikuwa makanga wa matatu za namba 9. Alianza kuamka na maumivu ya kichwa na kutapika, na mchana akawa anayumba mlangoni mwa gari. Alifukuzwa kazi kwa ulevi, naye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Uvimbe ulikuwa kwenye ubongo mdogo, pale kisogoni, mahali panaposhika mizani ya mwili. Tulichelewa. Tulimzika akiwa na miaka 31.

Mama alipoteza jicho moja akiwa na miaka 34. Mjomba alitolewa figo. Kila mmoja alikuwa na daktari wake, na kila daktari alitibu kiungo chake kwa bidii. Nyumbani tukahesabu misiba mitatu tofauti, na mtaani wapo waliosema ni husuda. Ulikuwa ugonjwa mmoja muda wote huo: VHL, yaani von Hippel-Lindau. Eugen von Hippel alikuwa daktari wa macho Mjerumani. Arvid Lindau, Msweden, ndiye aliyeandika mwaka 1926 kwamba uvimbe wa jichoni na ule wa kwenye ubongo mdogo ni wa ugonjwa mmoja. Nakuomba ufanye alichofanya Lindau, ila wewe ufanye kwa familia yako.

Anza na wazee

Chukua karatasi kubwa. Mwanamume mchoree mraba, mwanamke duara, na ushuke vizazi vitatu. Pembeni ya kila mtu andika kiungo kilichougua, umri aliokuwa nao, na hospitali alikotibiwa.

Usiulize "nani alikuwa na saratani?" Utaambiwa hakuna, na hawatakuwa wanakudanganya, kwa sababu neno hilo halikutajwa kwao. Uliza nani alipofuka mapema. Nani aliyumba bila kulewa. Nani alikuwa na presha angali kijana, akipatwa na vipindi vya jasho, moyo kwenda mbio na kichwa kugonga. Nani alifia chumba cha upasuaji au wakati wa kujifungua, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Nani aliziba sikio moja ghafla.

Nenda kwa wanawake waliokuwa wakiosha maiti. Khalati yangu alimwosha bibi, na ndiye aliyekumbuka kovu refu ubavuni ambalo hakuna aliyewahi kulieleza. Nilimwendea baada ya magharibi, nikampelekea kashata, tukakaa hadi saa nne. Jioni ile ilinipa zaidi ya ziara tano za hospitali.

Ukipata jina la hospitali, fuata ripoti ya maabara ya ule uvimbe uliotolewa. Barua ya kuruhusiwa kwenda nyumbani mara nyingi husema tu "uvimbe wa ubongo", na hapo huwezi kujua kitu. Maneno unayoyatafuta ni haya: hemanjioblastoma, ambao ni uvimbe wa mishipa ya damu kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho), ubongo au uti wa mgongo, saratani ya figo ya seli angavu, na feokromositoma, uvimbe wa tezi ndogo iliyo juu ya figo. Omba nakala, usikubali kusomewa tu.

Madaktari wanavyoamua

Kama katika ukoo tayari kuna mtu mwenye VHL iliyothibitishwa, uvimbe mmoja wa aina hizo kwako unatosha. Kama wewe ndiye wa kwanza, hutafutwa hemanjioblastoma mbili au zaidi, ama moja pamoja na uvimbe wa figo au wa tezi ile. Vifuko vya maji kwenye figo peke yake havithibitishi kitu, watu wengi wanavyo. Na usikate tamaa ukiambiwa "kwenu hakuna": karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hana mzazi mwenye ugonjwa huu, jeni iliharibika kwake yeye kwanza.

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 3, na ilitambuliwa mwaka 1993. Kazi yake nilielezwa na daktari kwa namna ambayo sijaisahau. Seli ikipata oksijeni ya kutosha, protini ya VHL huishika protini nyingine iitwayo HIF na kuipeleka ikavunjwe. VHL ikiharibika, HIF inabaki. Seli inaamini hewa imekwisha ilhali hewa ipo tele, basi inaita mishipa ya damu, mishipa juu ya mishipa, hadi inakuwa uvimbe. Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni, na ugonjwa wetu huu ulikuwa sehemu ya njia waliyopitia.

Kipimo cha jeni ni cha damu. Yangu ilipelekwa nje ya nchi, na jibu lilirudi baada ya wiki saba. Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: maabara inasoma herufi za jeni tu, au inatazama pia kama kipande kizima kimekatika? Unahitaji vyote viwili, kwa sababu familia nyingine zina kipande kilichopotea na usomaji wa herufi peke yake utakukosea. Kasoro ikishajulikana kwa mtu mmoja, ndugu wengine hupimwa hiyo tu, na gharama hupungua sana. Jibu lihifadhi kama hati ya kiwanja.

Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi kasoro hiyo. Haichagui wa kike wala wa kiume, wala hairuki kizazi: asiyerithi hana cha kurithisha. Dada yangu mdogo alipimwa, hana. Alilia kuliko mimi niliyenayo. Amepumzishwa picha zote, na wanawe hawahitaji kuchomwa sindano hata moja kwa ajili ya jambo hili.

Ratiba

Hakuna dawa ya kurekebisha jeni. Uhai wetu uko kwenye kukuta uvimbe ungali mdogo. Ratiba hii nimeipata kwa madaktari wangu na inalingana na mwongozo wa kimataifa. Daktari wako anaweza kuikaza kulingana na atakachokiona.

Macho huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, kisha kila mwaka, mboni zikiwa zimepanuliwa. Uvimbe mdogo wa retina huchomwa kwa leza na mtu akaendelea kuona. Ukingoja hadi mistari ipinde, kama nilivyongoja mimi, unaokoa kilichobaki. Siku hiyo usipange kazi ya macho, na beba kofia au mtandio mpana, maana jua la saa saba ukitoka kliniki linauma kama pilipili.

Presha hupimwa kila mwaka tangu miaka 2. Kuanzia miaka 5 huongezwa kipimo cha metanefrini, yaani mabaki ya homoni ambazo feokromositoma humwaga, kila mwaka, kwa damu au mkojo wa saa 24. Kuanzia miaka 11, picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo kila miaka miwili, pamoja na kipimo cha usikivu. Tumbo, kwa MRI, kuanzia miaka 15, nalo kila miaka miwili. Ukiambiwa CT ni rahisi zaidi, kumbuka picha hizi ni za maisha yote, na miale ya CT hujumlishwa mwilini. MRI haina miale hiyo.

Kuhusu mkojo wa saa 24, wengi huharibu kipimo kwa kutoelezwa. Ukiamka, mkojo wa kwanza mwaga chooni, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo cha maabara, mchana na usiku, hadi kesho yake saa ileile. Huo wa asubuhi ya pili ndio wa mwisho, nao uingie. Kiweke mahali pa baridi. Uliza mapema ni dawa zipi na vyakula gani uviache. Fanya Jumapili ukiwa nyumbani, usijaribu siku ya kazi.

Hapa naomba usome polepole. Feokromositoma isiyojulikana inaweza kumuua mtu mezani kwa daktari mpasuaji, hata kwa upasuaji wa jambo dogo, kwa sababu dawa ya usingizi au kuguswa kwa uvimbe humwaga homoni ghafla na presha kulipuka. Kujifungua nako kuna hatari hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya upasuaji wowote, na kabla ya kubeba mimba au mara tu ukijigundua mjamzito, sema: "Nina VHL, nipimwe metanefrini kwanza." Ikipatikana, mgonjwa huandaliwa kwa dawa za kufungua mishipa, ziitwazo vizuizi vya alfa, kabla ya kuguswa. Dawa za kutuliza mapigo ya moyo hazitangulii. Nimeyaandika haya kwenye kikaratasi kilicho nyuma ya kitambulisho changu, kwa sababu siku ya ajali sitaweza kusema.

Figo na utepe

Kwenye figo langu la kushoto pana uvimbe. Daktari aliponiambia tutaungoja, niliona kama ananitelekeza. Saratani, nawe unaingoja? Alinieleza kwamba uvimbe wa figo wa VHL ulio chini ya sentimita 3 ni nadra sana kusambaa, na kwamba vingine vitaota katika miaka ijayo. Ukikimbilia kutoa kila kimoja, utamaliza figo zote mbili ungali kijana. Basi hufuatiliwa hadi mkubwa ufike sentimita 3, ndipo hutolewa, na hutolewa uvimbe peke yake huku figo likibaki. Nilirudi nyumbani nikatazama sentimita 3 kwenye utepe wangu, upana wa pindo la kanzu. Wangu ni 1.8.

Mjomba alitolewa figo zima mwaka ambao sisi sote hatukujua kuuliza. Wewe uliza kwa maneno haya: "Je, uvimbe unaweza kutolewa na figo likabaki?"

Kwa kuwa hesabu yote ni ya kukua, picha ya leo bila ya jana ina thamani ndogo. Nairobi tunahama hospitali kufuata bei, leo Upper Hill, kesho Parklands, na CD zinabaki droo za watu. Mimi nina faili moja la plastiki: CD zote, ripoti zote, jibu la jeni, na ule mchoro wa ukoo mbele kabisa. Mpiga picha mpya namkabidhi CD ya zamani kabla sijalala kwenye mashine, na namwomba aandike vipimo vya kila uvimbe vya sasa na vya awali.

Gharama ni mlima, sitakuficha. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024, usiende kupigwa picha kabla hospitali haijakuthibitishia kwamba idhini imetoka. Omba ubongo, mgongo na tumbo vifanywe kwa safari moja. Mimi nachangia chama cha watu wanane, na zamu yangu nimeomba iwe mwezi wa MRI. Wenzangu wanajua kwa nini, na hawajawahi kuisogeza.

Ipo dawa ya vidonge, belzutifan, inayozuia HIF. Marekani waliiidhinisha Agosti 2021 kwa watu wazima wenye VHL ambao uvimbe wao wa figo, ubongo na mgongo au kongosho unahitaji matibabu lakini si upasuaji wa haraka. Hupunguza vivimbe kwa wengi. Hushusha kiwango cha damu na cha oksijeni mwilini, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Bei yake si ya mtu wa cherehani, lakini mwulize daktari wako kila mwaka, kwa sababu mambo haya hubadilika.

Kuwaambia ndugu

Usitume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nilifanya hivyo, na binamu mmoja aliyekuwa na posa mezani hakuzungumza nami kwa mwaka mzima. Nenda mtu mmoja mmoja, nenda na nakala ya jibu la jeni ndani ya bahasha, na umwambie kitu kimoja tu cha kufanya: "Mpeleke mtoto akapimwe macho." Jicho ni kipimo kisichotisha, kinapatikana, na anayeanza hapo hufuata mengine taratibu. Akikataa, mwachie bahasha.

Yule binamu alinipigia mwezi wa Shaaban. Mwanawe ana miaka 6 na mwalimu amesema anageuza kichwa akisoma ubaoni. Nimemwambia aje naye Jumanne saa moja asubuhi, awe na kofia ya mtoto na ile bahasha. Nitawangoja kituoni, nami faili langu nitakuwa nalo.