Kupima jani linavyokua kwa simu, bila kulichuma

Mdogo wangu yuko field Morogoro, kapewa kazi ya kufuatilia majani ya kunde wiki tatu, siku ya kwanza kaenda kayachuma. Sasa jani ukishalichuma kesho utapima nini? Nikamwelekeza hivi.

1. Chagua jani changa, funga uzi kwenye kikonyo. Jani la kunde lina vijani vitatu, wewe pima cha katikati tu.

2. Piga picha kila siku saa moja asubuhi, mchana yanajigeuza kufuata au kukwepa jua.

3. Rula. Hapa mimi nilipotezaga siku nzima, jani langu Jumanne kubwa, Jumatano limesinyaa, nikadhani lina ugonjwa kumbe rula nimeilaza mezani na jani linaelea juu yake. Kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa: simu ikiwa sm 30 kutoka kwenye rula na jani limenyanyuka sm 3, urefu unazidi kwa asilimia 11 hivi na eneo kwa asilimia 23, hiyo inaweza kuzidi ukuaji wenyewe wa siku! Kwa hiyo weka kipande cha boksi chenye karatasi nyeupe chini ya jani, juu plastiki ngumu inayoonyesha ili jani lilale (taratibu, kikonyo kinakatika), rula iwe ubavuni usawa uleule. Simu isiinamishwe, na ile lensi ya kuchukua eneo pana achana nayo kabisa, inapinda pembeni. Usiniamini, kata karatasi sm 5 kwa 5, ipige katikati halafu pembeni mwa picha, eneo lake lisiposoma karibu na sm² 25 zote mbili rudia.

4. ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima vitu kwenye picha, ya bure. Chora mstari kwenye rula, Set Scale (unaiambia mstari huo ni sm ngapi), zungushia jani, soma eneo. Apu za simu sizitaki, zinakupa namba bila kukuonyesha zimekata wapi.

5. Umbo: urefu gawanya kwa upana. Namba ikishuka, jani linapanuka kuliko linavyorefuka. Kasi: ln (logi asilia, ipo kwenye kikokotoo) ya eneo la leo toa ln ya jana. Mbona ln? Jani la sm² 2 likifika 4, na la 20 likifika 22, yote yameongeza 2, ila la kwanza limekuwa mara mbili.

6. Ukitaka kujua linakulia wapi, lipige vidoti vya peni likiwa bado dogo, halafu angalia vipi vinaachana.

Wa mahindi msihangaike na picha, urefu mara upana mkubwa mara 0.75, hilo ndilo eneo la jani kwa makadirio.