Ngumi kwenye ubavu wa kushoto: namna ya kufuatilia mwendo wa tumbo la ng'ombe

Wafugaji wengi hupima afya ya ng'ombe kwa kuangalia hori na ndoo ya maziwa. Vipimo hivyo ni vizuri, ila mara nyingi huchelewa: chakula kinapobaki horini na maziwa yanaposhuka, tumbo la kwanza la mnyama, lile kubwa kuliko mengine kati ya manne aliyonayo, huenda limeshapunguza mwendo wake tangu saa kadhaa zilizopita. Mwendo huo unaweza kuhisiwa na mtu yeyote mwenye mkono, saa na subira ya dakika mbili.

Simama upande wa kushoto wa mnyama, kwenye kile kishimo cha pembetatu kilicho kati ya ubavu wa mwisho, mfupa wa nyonga na uti wa mgongo. Kunja ngumi, ikandamize hapo taratibu lakini kwa nguvu ya kutosha, kisha utulie. Kwa mnyama mzima wa afya utahisi kitu kilichoshikamana kama unga uliokandwa, na baada ya muda ngumi itasukumwa nje polepole, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi, halafu itarudi ndani. Huo ni mkunjo mmoja. Katika dakika 2 tarajia mikunjo 2 hadi 4. Wengi hukosea kwa sababu ya haraka: huweka mkono kwa sekunde ishirini, hawahisi kitu, wakaamua kwamba tumbo limesimama.

Tumbo hili, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100, halijiendeshi lenyewe. Amri ya kujikunja hutoka kwenye shina la ubongo na kupita katika neva ya vagasi, yaani mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na tumbo, na ubongo nao huitoa kwa kusikiliza taarifa kutoka kwenye kuta za tumbo, yaani jinsi zilivyotanuka na jinsi zinavyokwaruzwa na majani. Mkunjo wa aina ya kwanza huanzia kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, ukaenea nyuma na kuchanganya chakula na vijidudu vinavyokimeng'enya. Mkunjo wa aina ya pili husukuma gesi mbele hadi kwenye umio ili mnyama abeue. Kwa kuwa gesi hutengenezwa mfululizo, usiku na mchana, mnyama asiyeweza kubeua anaweza kufa ndani ya saa chache.

Hapo ndipo urefu wa majani unapoingia. Majani yaliyosagwa hadi kuwa kama vumbi hayakwaruzi kuta za tumbo, hivyo mnyama hucheua kidogo na kutoa mate machache, ilhali mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi tumboni. Ng'ombe anayekula malisho ya kutosha hucheua kwa jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku. Kwa hiyo mashine ya kukatia majani isikate vipande vifupi mno. Urefu wa sentimita 2 hadi 5 unafaa. Binafsi naona ni afadhali mnyama abakize mabua machache horini kuliko kumsagia kila kitu kwa kuogopa upotevu.

Chanzo kinachoonekana mara kwa mara cha tumbo kusimama ni nafaka nyingi kwa ghafla, kama vile ng'ombe anapofungua ghala usiku. Wanga huchacha kwa kasi, asidi hupanda, mikunjo hufifia, na ngumi inapokandamiza ubavu husikika maji yakichezacheza badala ya ule unga ulioshikamana. Ndiyo maana chakula cha nafaka huongezwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki 2 hadi 3.

Kujaa gesi kuna sura mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Kwanza, gesi hunaswa ndani ya povu baada ya mnyama kula lusini au jamii nyingine ya mikunde ikiwa changa. Mwanzoni tumbo hujikunja kwa nguvu kuliko kawaida, lakini povu halibeuliki. Mwendo wa haraka, basi, si dalili ya afya kila wakati. Pili, gesi huwa huru lakini njia imezibwa, kwa mfano na kiazi kilichokwama kwenye umio. Mafuta ya kula, mililita 250 hadi 500 kwa ng'ombe mkubwa, husaidia kuvunja povu; hayaondoi kiazi. Unaponywesha, usiinue kichwa juu sana, kwa maana mafuta yakiingia mapafuni utaongeza ugonjwa wa pili.

Upungufu wa kalsiamu katika damu siku za kuzaa hulegeza misuli yote, ya tumbo ikiwemo. Huitwa homa ya maziwa, jina linalopotosha, kwani masikio ya mnyama huwa baridi. Huyu asinyweshwe chochote kwa chupa, maana kumeza kwake ni dhaifu. Anahitaji daktari wa mifugo mara moja. Mwite pia kwa ng'ombe anayeguna, aliyepinda mgongo na kukataa kutembea kwenye mteremko, kwani huenda amemeza waya au msumari uliochoma tumbo la pili, na maumivu peke yake yanatosha kuzima mikunjo.

Baada ya matibabu, pima kwa ngumi asubuhi, mchana na jioni, na uandike hesabu pamoja na saa. Mpe majani makavu marefu na maji safi kwanza. Nafaka irudi baada ya mikunjo kufikia idadi ya kawaida na mnyama kuonekana amelala akicheua, tena ianzie kiasi kidogo.