Gundi ya amresti: kabla hujafungua kopo, angalia nini kimeachana na nini

"Fundi, niwekee gundi kali kuliko zote." Wateja wengi huanza hivyo wakifika kibandani kwangu, Ngamiani, hapa Tanga. Juzi alikuja mwalimu mmoja, mama mtu mzima, na Premio yake. Amekishika mkononi kifuniko cha kile kisanduku cha katikati anachoegemezea kiwiko, yaani amresti. Leza, ile ngozi ya bandia, imebanduka pembe mbili, na chini yake sponji imeganda supaglu, ngumu kama kucha, na ukungu mweupe umetapakaa kwenye plastiki nyeusi. Mwanawe alimsaidia Jumapili.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Gundi hii ni kali kweli, ila haikutengenezewa kazi hii."

Nashona na kubandika viti vya magari mwaka wa kumi na nne sasa. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita pembeni ya marehemu baba, fundi viatu, na nusu ya ninachojua kuhusu gundi za magari nilikipata kwenye sandozi za watu.

Amresti nyingi zina tabaka tatu. Chini kabisa kuna plastiki ngumu, huo ndio mfupa. Juu yake sponji. Juu ya sponji kuna gamba: leza, kitambaa, au mara chache ngozi halisi ya ng'ombe. Mtu akiniambia "imebanduka", namuuliza wapi. Leza inaweza kuwa imeachana na sponji katikati, ikafanya puto. Inaweza kuwa imeachia kwenye ukingo, pale inapokunjwa kwenda chini ya plastiki. Au leza ni nzima kabisa, kumbe plastiki ndiyo imekatika masikio ya skrubu, zile sehemu zenye tundu la kupitishia skrubu. Kila moja ina gundi yake.

Halafu kuna hali ambayo haina gundi kabisa. Bonyeza sponji kwa kidole. Ikimomonyoka kama mkate wa juzi, usinunue chochote kwanza, maana utakuwa unabandika leza kwenye vumbi. Sponji hizi ni za poliyurethani, na joto pamoja na unyevu wa pwani huzila taratibu. IST za toleo la kwanza, zile za 2002 hadi 2007, nyingi zimeshafika umri huo. Kwangua ile ya zamani yote, kata mpya yenye unene uleule, ndipo tuzungumze gundi.

Na ukizungumza gundi, kumbuka gari lako linalala wapi mchana. Gari lililofungwa vioo juani, dashibodi yake inaweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi. Amresti ya mlango inayopigwa na jua la saa nane nayo haina nafuu. Kwa hiyo vile vijiti vya gundi vinavyoyeyushwa kwa bunduki ya umeme waachie wapambaji wa kumbi. Ni gundi inayolainishwa kwa moto, na gari litailainisha tena bila kukuomba ruhusa. Gundi nyeupe ya seremala nayo iache ikae na mbao zake.

Kabla ya kupaka chochote, pambana na polishi. Vijana wanaoosha magari wanapenda kupuliza ile ya kung'arisha dashibodi, na nyingi kati ya hizo zina silikoni. Silikoni hupenya kwenye kila ufa, na gundi ikiikuta hapo haishiki, hata iwe ya bei gani. Chukua kitambaa safi cheupe na spiriti ya kusafishia vidonda, futa, geuza upande, futa tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Tina ya rangi siipendi kwa kazi hii: inalainisha baadhi ya plastiki na inachubua rangi ya leza. Petroli naona mafundi wengine wakiitumia, lakini inabaki na harufu gari zima, na mimi nina jirani anayekaanga chipsi hatua tano kutoka hapa. Gundi ya zamani usiichokonoe kwa kisu. Ipashe moto kwa draya ya nywele, ikilainika ikwangue kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi.

Sasa kazi ya leza, ambayo ndiyo inaleta wateja wengi, na ndiyo iliyowahi kuniaibisha.

Mwaka wangu wa pili nilipokea Noah ya familia, amresti nne za viti. Nikabandika leza mpya kwa ile gundi ya njano ya makopo, ya neoprini, wanayotumia maseremala na mafundi viatu. Zilishika safi, mteja akalipa na bakshishi juu. Baada ya miezi mitatu gari likarudi, leza zote nne zimefunuka kingo. Gundi haikukauka wala kukatika. Ilikuwa imelainika, inavutika kama bazoka iliyotafunwa. Nikampelekea baba kipande. Hakunilaumu. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa sandozi ya plastiki, akaniuliza, "Hii huwa nabandika kwa kopo lipi?" Kopo lilikuwa jingine, na nilikuwa nimelifungua na kulifunga miaka sita bila kuuliza kwa nini.

Sababu yenyewe ni hii. Leza nyingi ni PVC, plastiki ileile ya mabomba. Kwa asili ni ngumu, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo hayatulii ndani. Miezi ikipita, hasa kwenye joto, hutoka kidogo kidogo, na yakifika kwenye gundi ya neoprini huigeuza kuwa uji. Gundi ya poliyurethani huyahimili. Kwa hiyo nenda duka la vifaa vya viatu, ulizia gundi ya PU, ndicho kifupi chake. Mara nyingi haina rangi, ukiichota ni angavu, si njano. Na angalia usije ukataja PVC dukani ukauziwa gundi ya mabomba ya maji. Ile huyeyusha plastiki ili ziungane, na leza yako itakunjamana kama uso wa mtoto aliyelamba ndimu.

Geuza leza uone mgongo wake. Kama umefunikwa kitambaa, gundi ya njano itajitahidi kwa muda, kwa sababu inashika kitambaa zaidi ya plastiki. Kama mgongo ni plastiki tupu, usiijaribu. Ngozi halisi haina mafuta hayo ya kiwandani, kwa hiyo gundi ya njano inaifaa bila wasiwasi.

Namna ya kuipaka: kwaruza plastiki ya chini kwa msasa namba 120 au 180 mpaka mng'ao uondoke, futa vumbi kwa spiriti. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, leza na plastiki. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanapaka upande mmoja tu, tena nzito, halafu wanakandamiza ikiwa mbichi. Mvuke wa gundi unakosa pa kutokea, unatengeneza mapovu. Subiri dakika kumi na tano hadi ishirini. Siku za masika, hewa ikiwa na maji, mimi nangoja zaidi. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa haikuachii uzi, iko tayari. Gundi ya PU ikishakauka hivyo, ipitishie draya ya nywele pande zote mbili mpaka iamke na kuwa na mnato, kisha kandamiza. Anzia katikati ukielekea kingoni, ukivuta leza kidogo tu. Ukiivuta sana itakuwa inajivuta kurudi kila jua likiwaka, na hakuna gundi inayopenda kuvutwa mchana kutwa. Bana kingo kwa vibanio vya nguo, ukiweka kipande cha kadibodi katikati visiache alama.

Ukipata na kichupa cha kukazia kinachouzwa pamoja na gundi ya PU, changanya kwa kipimo kilichoandikwa, na uchanganye ya kazi ya siku hiyo tu. Inaongeza uvumilivu wa joto. Iliyobaki haihifadhiki, itaganda kopo zima.

Kitambaa ni rahisi zaidi, isipokuwa kina mtego mmoja: gundi ya majimaji hupenya na kutokeza upande wa juu, ikikauka inaacha doa gumu lisilofulika. Tumia gundi ya kupuliza, na iwe ile iliyoandikwa kuwa ya paa la gari au ya joto kali. Ile ya kubandika karatasi na picha inafanana kopo, lakini haitafika Jumatatu. Puliza kwa mbali kidogo, kwenye sponji na kwenye kitambaa, tabaka jepesi, ngoja dakika chache, bandika. Ziba sehemu nyingine kwa tepu ya karatasi, usije ukagundisha na redio.

Plastiki iliyovunjika inataka usome kwanza. Fungua kipande, geuza mgongoni, utafute herufi ndogo zilizochorwa katikati ya alama mbili kama vichwa vya mishale. Ukiona ABS, una bahati, hiyo ni plastiki inayokubali gundi. Kwaruza, futa, tumia epoksi ya vichupa viwili, ile ya kukauka polepole, siyo ya dakika tano. Ya dakika tano inafaa kushikilia kitu kisianguke, lakini sikio la skrubu linabeba uzito wa kiwiko cha mtu mzima kila siku. Ukiweka kipande cha wavu mwembamba wa chuma ndani ya epoksi, kwa nyuma ambako hakuonekani, sikio litakuwa gumu kuliko la kiwandani.

Ukiona PP, hapo pana kazi. Hiyo ni polipropilini, ndugu wa ndoo na viti vya bustani, na karibu kila gundi huiteleza. Idondoshee tone la maji utaona linavyojikunja kama shanga badala ya kutandaa, na gundi hufanya vivyo hivyo. Kuna watu wanasema ipime kwa maji: PP inaelea, ABS inazama. Ni kweli kwa PP tupu, lakini za magari mara nyingi zimechanganywa unga wa talki, utaona imeandikwa PP-T20, maana yake asilimia 20 ni talki, na hiyo inaweza kuzama. Amini herufi. Dawa yake ni praima maalumu ya plastiki hizo, ukiipata, ipakwe kabla ya gundi. Ukiikosa, acha gundi kabisa. Mimi natumia solda ya umeme: nayeyusha ufa, nazamisha vipande vya waya mwembamba kuvuka ufa, najazia kwa kipande cha PP kilichokatwa kwenye bampa au kava bovu lenye alama hiyohiyo. Au naweka bati dogo na skrubu mbili kwa nyuma. Si kazi ya kujivunia kwa macho, lakini haionekani na haiachii.

Supaglu ninayo droo nzima. Naitumia kwa kipande kidogo kigumu kilichokatika kikavu, kinachorudi mahali pake bila pengo, na kisichopinda. Kwenye leza na sponji ni marufuku: inafyonzwa, inaganda, inakuwa ganda la yai, na kila ukiegemea inavunjika. Ule ukungu mweupe ni mvuke wake. Na usiifute kwa pamba wala usiishike ukiwa na glavu za pamba. Ikikutana na pamba huchemka ghafla, inaunguza ngozi.

Gundi za makopo fanyia mahali penye upepo, mbali na jiko la mkaa na sigara, na usijifungie ndani ya gari vioo juu. Amresti ya mlango ikikulazimu kufungua kava lote, toa kwanza terminali ya betri, hasa gari lenye eabegi za pembeni. Kava lenyewe ling'oe kwa kipande cha plastiki, siyo bisibisi, na nunua klipu kadhaa za akiba kabla hujaanza. Mbili zitakatika tu.

Premio ya mwalimu ilinichukua asubuhi nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kuondoa supaglu. Sponji haikuokoka, nikaikata mpya. Leza ilikuwa ya PVC, mgongo mtupu, nikatumia PU. Akataka kuondoka nayo palepale. Nikamkatalia mpaka kesho yake, kwa sababu gundi ikishashika bado inaendelea kukomaa kwa saa 24, na kiwiko kikiiwahi, kingo huanza kusogea. Akaendesha kurudi nyumbani kisanduku wazi, risiti zikipeperuka.

Kesho yake alikuja na mwanawe. Nilimpa yule kijana kile kipande cha sponji alichokigandisha, akakigonga mezani kikalia kama kokoto.