Kuandaa gari la wazi la zamani kwa uwanja wa mbio, hatua kwa hatua

Gari la wazi likipinduka, kinachotangulia kugusa ardhi ni kichwa cha dereva. Fremu ya kioo cha mbele ya MGB au Triumph Spitfire iliundwa kushika kioo na kukinga upepo, haikuundwa kubeba karibu tani moja ya chuma iliyogeuka juu chini. Turubai halisaidii, na paa gumu la kuvalisha nalo usilihesabu. Kwa hiyo mwenye gari akija gereji hapa Kampala akitaka tumwongezee nguvu ya injini kwa ajili ya uwanja, mimi naanzia nyuma ya viti, kwenye upinde wa chuma unaokinga kichwa gari likipinduka. Injini itasubiri.

Mfano wangu ni MGB, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Mwenye Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989 ambayo Japani waliiita Eunos Roadster, atatumia karibu yote haya.

Hatua ya 1: Pata kanuni kabla hujakata bomba

Mbio za magari Uganda zinasimamiwa na shirikisho la vilabu, FMU, linalofuata kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Omba kanuni za tukio unaloliendea na uzisome mpaka mwisho, kisha mtafute mkaguzi wa magari umwoneshe mchoro wako. Jua pia utakimbia juu ya nini. Mashindano yetu mengi, kuanzia Pearl of Africa hadi mbio za Busiika, ni ya murram na udongo, na gari la chini namna hii litahitaji bamba la kukinga sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kwenye lami hilo si lazima.

Hatua ya 2: Gonga sakafu

MGB haina chesisi ya kujitegemea. Nguvu yake yote imo kwenye sakafu na vizingiti vya milango, na hapo ndipo kutu hupenda kulala. Inua zulia, gonga kila mahali kwa nyundo ndogo, choma kwa bisibisi pale unapopashuku. Ikitoboka, kata na uchomelee bati jipya kabla ya jambo lingine lolote. Upinde mzuri uliofungwa kwenye sakafu iliyooza utaitoboa siku ukihitajika.

Hatua ya 3: Upinde wa usalama

Hapa usibane pesa. Mafundi wa Katwe wanaweza kukunja na kuchomelea karibu chochote, ila hawawezi kulifanya bomba baya liwe zuri. Usikubali bomba la maji wala la kutengenezea vitanda. Kanuni za FIA zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, na upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Miguu ya kuusukuma kutoka nyuma inaweza kuwa 38 kwa 2.5. Bomba likunjwe likiwa baridi, kwa mashine, na mkunjo usibonyee wala kufanya makunyanzi. Ukiona bomba limekuwa bapa kwenye kona, likatae palepale hata kama fundi ni rafiki yako.

Kila mguu wa upinde mkuu usimame juu ya bamba, na chini ya sakafu kuwe na bamba jingine la kuimarisha, unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, vifungwe kwa bolti tatu au zaidi za M8 zenye alama 8.8. Miguu ya nyuma ilale angalau nyuzi 30 kutoka wima, la sivyo haisukumi kitu.

Sasa kipimo ambacho watu hukiruka. Kaa kitini umejifunga, umevaa helmeti. Mwenzako alaze ufito ulionyooka kutoka juu ya upinde hadi ukingo wa juu wa fremu ya kioo. Helmeti iwe chini ya ufito kwa sentimita 5 au zaidi. Ikiwa imeupita, shusha kiti au inua upinde. Dereva mrefu kwenye gari dogo mara nyingi hulazimika kutupa reli za kiti na kukifunga moja kwa moja sakafuni, na ni sawa.

Funika kwa sponji ngumu maalumu kila bomba ambalo kichwa kinaweza kulifikia. Sponji ya godoro ni mapambo tu. Na gari hilo usiliendeshe mjini bila helmeti kama bomba liko karibu na kisogo chako, maana kugongwa nyuma kidogo tu pale Wandegeya kunatosha kukuumiza.

Hatua ya 4: Kiti, mikanda na shingo ni kitu kimoja

Nawaomba msome hapa taratibu. Mikanda ya mbio yenye ncha nyingi hukubana wima kitini. Bila upinde, gari likipinduka, mikanda hiyo inakushikilia uende chini na kichwa chako, wakati mkanda wa kawaida ungeuacha mwili uegemee upande. Kwa hiyo kama hujaweka upinde, usiweke mikanda ya mbio. Hakuna nusu katika jambo hili.

Upinde ukiwepo, weka kiti cha mbio chenye matundu ya mabegani, kwani viti vya zamani migongo yao hulala vikipigwa kwa nguvu. Mikanda ya mabega itoke kwenye matundu hayo kuelekea nyuma karibu sambamba na ardhi. Isishuke zaidi ya nyuzi 45, kwa sababu ikishuka mno inaukandamiza uti wa mgongo. Ule wa kiunoni ulale juu ya mfupa wa nyonga, chini ya tumbo, na wa katikati ya miguu ukuzuie kuteleza mbele. Ukiufunga mkanda kwenye mwili wa gari, weka bamba la milimita 3 lenye angalau sentimita 40 za mraba. Soma lebo: ya FIA huandikwa mwaka ambao mkanda unakwisha muda. Mkanda wa mtumba siununui kwa bei yoyote, maana nyuzi zilizokwisha kuvutwa na ajali au kuliwa na jua huwezi kuzitambua kwa macho.

Mikanda ikishika mabega, kichwa peke yake hubaki kikiruka mbele. Hapo ndipo penye kazi ya HANS, kifaa kilichobuniwa na Robert Hubbard wa Marekani akishirikiana na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, miaka ya 1980. Kinakaa mabegani chini ya mikanda na kuishika helmeti kwa kamba mbili fupi. Formula One ilikifanya cha lazima 2003. Ukivaa mikanda ya mbio, kivae.

Kwa gari la wazi kuna kitu kimoja zaidi, cha bei ndogo na kinachosahaulika sana: kamba za mikono. Huvaliwa mkononi na kuunganishwa na pingili, yaani kifungio cha mikanda, ili mikono isirushwe nje gari linapobiringika. Zipime ufikie usukani na gia, usifikie juu ya upinde.

Hatua ya 5: Helmeti na nguo

Helmeti ya boda boda haifai, hata ile nzuri ya bei ghali. Tafuta yenye lebo ya Snell, shirika linalopima helmeti, inayoanza na SA, mfano SA2020. Zenye M ni za pikipiki, na kitambaa chao cha ndani hakipimwi kwa moto. Chagua inayofunika uso wote na yenye kioo, maana kokoto za gari la mbele hazina cha kuzizuia.

Suti ya Nomex, kitambaa kinachostahimili moto, ndiyo bora. Usipoweza bado, na kanuni za siku hiyo zikikuruhusu, vaa ovaroli ya pamba tupu ya mikono mirefu, na chini yake pia pamba. Ukienda soko la Owino kuitafuta, soma lebo yake: poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Hatua ya 6: Moto

Badilisha mipira yote ya petroli, hata ile inayoonekana mizima. Mtungi wa poda wa kilo 2 ufungwe kwa mikanda ya chuma, mahali unapofikia ukiwa umejifunga. Weka swichi kuu ya kukata umeme inayofikiwa na wewe ndani na mwokoaji nje. Ikate betri pamoja na alteneta, kwani ikikata betri peke yake injini itaendelea kunguruma na pampu kusukuma petroli. MGB za kabla ya 1967 zina waya chanya uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Mwambie fundi wako wa umeme kabla hajagusa kitu. Betri ziko nyuma ya viti, chini ya sakafu. Hakikisha zimekazwa na vichwa vyake vimefunikwa.

Hatua ya 7: Breki, matairi, joto

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na ikichemka pedali inazama hadi sakafuni. Mimina yote mpya wiki hiyohiyo ya mbio. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT, yaani juma na mwaka wa kutengenezwa. Likizidi miaka sita siliingizi uwanjani hata kama kashata zake zote zipo. Rimu za spoki zigonge moja moja. Inayolia tofauti na wenzake imelegea.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Maji hapa huchemka kama nyuzi 96, hivyo kifuniko cha rejeta kikichoka utachemsha mapema. Hewa nayo ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa kwa pwani itamwaga petroli nyingi mno. Fungua plagi: zikiwa na masizi meusi, punguza.

Hatua ya 8: Asubuhi yenyewe

Toa kila kilicho huru, pamoja na jeki na spea. Bandika tepu kwenye vioo vya taa. Weka alama ya mshale mwekundu kwenye ndoano ya kuvutia. Jizoeze kutoka garini ukiwa na glavu, macho umefumba, mpaka vidole vikumbuke pingili iko wapi.

Ukimaliza duru zako, zunguka mara moja polepole bila kukanyaga breki sana. Ukisimama, usivute handibreki dramu zikiwa moto. Weka kabari chini ya tairi. Subiri rimu zipoe, kisha kaza nati zote upya kabla ya kurudi uwanjani.