Usikariri orodha, angalia neno limekaa wapi

Wale mnaosoma Kiingereza au mnaofundisha watoto nyumbani, acheni kukaririsha orodha ndefu za nomino, vitenzi na vivumishi, maana Kiingereza neno lile lile linabadilika kazi kutokana na lilipokaa. Chukua water, kwenye I drink water ni nomino, ila I water the garden hapo tayari ni kitenzi na spelingi haijaguswa hata kidogo.

So jaribu hivi. Tanguliza the, ukisema the garden imetimia, hiyo nomino, lakini the clean bado unasubiri kitu. Tanguliza will, will drink inakubali, basi kitenzi. Kivumishi kipime kwa very: very clean sawa, very table inagoma kabisa, japo vipo vivumishi kama wooden ambavyo havipatani na very kwa hiyo usiishikilie kama amri.

Wengi wanapotegwa ni kwenye ly ya mwisho wa neno, mtu akiiona tu anaandika kielezi, kumbe friendly, lonely na lovely ni vivumishi, a friendly teacher, na kwenye mtihani hiyo inakula maksi za watu kila siku.

Halafu wenzetu kivumishi wanakitanguliza, clean water, sisi tunasema maji safi, au wanakileta baada ya is, the water is clean. Mtoto akikwama mpe sentensi nzima jamani, book ikiwa peke yake hata mwalimu hawezi kujua ni nini mpaka aone the book (kitabu) au book a room (kuweka nafasi ya chumba).