Gitaa la besi la kwanza kwa pesa ndogo: anza na shingo

Hivi karibuni nilimsindikiza binti mmoja wa kwaya yetu kutafuta besi Kariakoo. Alikuwa na laki tano alizozikusanya kidogo kidogo, na kila duka tuliloingia macho yake yalikimbilia rangi. Rangi si tatizo. Lakini anayenunua besi ya kwanza kwa pesa ya kubana naomba ashike jambo moja: unanunua shingo. Nyuzi zinabadilishwa, na pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) pia. Vitufe vya sauti na tundu la waya fundi redio yeyote wa mtaani kwako anavilehemu. Shingo ikiharibika, kuitengeneza kunaweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Kwenye ile laki tano tulitenga laki tatu na nusu kwa gitaa. Inayobaki ni ya waya, seti mpya ya nyuzi, mkanda, begi na fundi. Ukimaliza zote kwenye gitaa utarudi na besi yenye nyuzi za zamani zilizokufa sauti, na hutajua kama tatizo ni besi au ni nyuzi.

Waya chukua wenye plagi inayofunguka kwa kuzungusha, ukikatika unaulehemu. Ile ya plagi iliyomiminiwa plastiki ikikatika ndiyo basi.

Hatua ya 2: Tafuta mtumba wenye jina

Hapa sina kigugumizi: kwa pesa ndogo, Yamaha, Ibanez, Squier au Cort iliyotumika ni bora kuliko gitaa jipya lisilojulikana lilikotoka. Mimi hutafuta kwanza Yamaha TRBX174, halafu Ibanez GSR200 na Squier za daraja la chini. Zimetengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wanaoanza, na kwa kawaida shingo zake hutengenezwa kwa vipimo vinavyoaminika.

Zile seti mpya zenye gitaa, amplifaya ndogo, begi na mkanda ndani ya boksi moja ziache. Sehemu kubwa ya pesa yako imeingia kwenye spika ambayo ni ndogo mno kwa besi.

Squier ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender. Ukikuta kichwani pameandikwa Fender na bei ni ya Squier, lisahau hilo jina. Lichunguze kama gitaa lisilo na jina na lipe bei hiyo.

Hatua ya 3: Nyuzi nne

Vijana wa kwaya wanataka nyuzi tano kwa sababu wapiga besi wa injili wanaowaona mtandaoni wanatumia tano. Nawaelewa, ila kwa besi ya kwanza na pesa ndogo nasema nne. Uzi wa E, ulio mnene kuliko yote kwenye besi ya nyuzi nne, ukipigwa bila kubanwa unatoa Hz 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde). Ule wa tano, B, unashuka hadi Hz 31. Spika nyingi za makanisani na masabufa ya nyumbani hazifiki huko kwa nguvu, kwa hiyo utalipia uzi ambao hutausikia vizuri. Tena kwenye gitaa za bei ndogo, B ndiyo huwa ya kwanza kulegea sauti. Rumba, benga, zouk na mapambio yanapigika kwa nyuzi nne bila kupungukiwa.

Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka mfupa wa juu unaopitisha nyuzi hadi briji inayozishika kwenye kiwiliwili, ni inchi 34. Mtoto au mtu mwenye mikono mifupi atafute ya inchi 30.

Hatua ya 4: Shingo

Tenga muda. Ukifika dukani una haraka, rudi siku nyingine.

Kwanza kabisa lityuni gitaa, yaani kaza nyuzi hadi zifike kwenye sauti zake, E A D G, kwa programu yoyote ya simu. Usikague shingo kabla ya hapo. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwenye sauti yake huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Zikiwa zimelegea, hata shingo mbovu huonekana imenyooka. Gitaa nyingi hutundikwa dukani zikiwa zimelegezwa. Wakati mwingine ni kwa nia njema, wakati mwingine sivyo. Muuzaji akikuambia usikaze nyuzi, toka.

Ukishatyuni, subiri dakika chache kisha tyuni tena. Sasa fanya haya.

Freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Uzi uliobanwa huwa umenyooka, kwa hiyo ndio rula yako. Mwenzako atazame karibu na freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na freti panatakiwa uwazi mdogo, kama unene wa kadi ya biashara. Kisha apitishe ukingo wa kadi ya benki, upande usio na namba zilizovimba. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Ikipita bila kugusa uzi, shingo imepinda kwa mbele na inahitaji kurekebishwa. Ikiwa hakuna uwazi kabisa na uzi umelala juu ya freti, imepinda kwa nyuma.

Kupinda kwa mbele peke yake kusikufukuze. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, na kwenye ncha yake kuna nati inayozungushwa kwa spana ya alenki. Nati iko kichwani chini ya kifuniko kidogo, au chini kabisa pale shingo inapoishia. Kuikaza kwa kulia kunairudisha shingo nyuma, kuilegeza kunaiachia ije mbele. Swali lako dukani ni moja: je, fimbo hii bado ina nafasi ya kukazwa?

Omba ruhusa ufungue kifuniko. Angalia tundu la alenki kwa tochi ya simu. Kingo zake ziwe kali. Tundu lililokuwa na pembe sita na sasa limekuwa duara lina maana kwamba mtu alishalilazimisha. Chomeka spana inayokaa sawasawa, legeza kidogo, robo ya mzunguko isizidi, kisha rudisha pale pale. Ikizunguka kwa ulaini na kushika, hiyo ni shingo hai. Ikigoma, usitumie nguvu, maana fimbo ikikatikia ndani watakuuzia papo hapo.

Kwa yule binti, besi aliyoipenda zaidi ilikuwa nyekundu inayong'aa, na kadi ya benki ilipita chini ya uzi kwa raha zake. Muuzaji akasema, "Kaka, hiyo unakaza kidogo tu inanyooka." Tulipofungua kifuniko, spana ilizunguka ndani ya tundu bila kushika chochote. Tulimshukuru tukaondoka.

Nasisitiza hili kwa sababu kijana mwingine aliwahi kuniletea besi aliyokwisha kuinunua, nati ikiwa imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda. Tulishinda nayo kutwa nzima. Tulitoa nyuzi, tukafungua nati, tukaongeza washa (kile kipete bapa cha chuma) ili ipate nafasi ya kukaza, tukabana shingo kwenye mbao iliyonyooka, tukakaza tena. Jioni ilionekana imepona, na kesho yake ilikuwa imerudi ilikokuwa. Kuna mafundi wanaoweza kuipasha moto shingo na kuibana upya, lakini huo si mradi wa mtu mwenye laki tano na onyesho la Pasaka mbele yake.

Kupinda kwa nyuma kuna tahadhari yake. Baadhi ya fimbo za gitaa rahisi hufanya kazi upande mmoja tu, yaani zinavuta shingo nyuma na haziwezi kuisukuma mbele. Kama nati imeshalegezwa kabisa, nyuzi zimekazwa, na shingo bado imepinda kwa nyuma, liache.

Mwisho, angalia kama shingo imejikunja kama kamba. Shika gitaa upande wa kiwiliwili, funga jicho moja, tazama kuelekea kichwani. Linganisha freti ya mwisho na mfupa wa juu unaopitisha nyuzi. Mistari hiyo miwili ilale sambamba. Mmoja ukiinama kushoto na mwingine kulia, hakuna nati itakayonyoosha hilo. Kasoro hii haina punguzo la bei linalotosha.

Kwa wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja: jaribu pia skrubu ndogo za briji. Hewa ya chumvi huzishika kutu hadi zikagoma, na ndizo zinazopandisha na kushusha nyuzi.

Hatua ya 5: Piga kila freti

Kila uzi, kila freti, taratibu, bila amplifaya. Sauti inayozimika haraka au inayokwaruza sehemu moja tu inaonyesha freti iliyoinuka au iliyolika. Moja au mbili ni za kuombea punguzo. Zikiwa nyingi, achana nalo.

Hatua ya 6: Umeme

Chomeka. Vitufe vikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia swichi inatosha. Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, ni kawaida. Ukipungua unaposhika plagi tu na si nyuzi, waya wa ardhi wa briji umekatika. Ni lehemu ya dakika chache. Pikapu iliyo kimya ipimwe kwanza kabla hujatoa pesa.

Besi yenye betri ya volti 9 ichomolewe waya kila ukimaliza. Waya ukibaki ndani, betri inaendelea kuliwa.

Na popote utakapopiga, midomo ikipigwa shoti kwenye maiki huku umeshika nyuzi, acha mara moja. Kuna kasoro ya umeme hapo.

Hatua ya 7: Sauti ya nyumbani

Kuchomeka besi moja kwa moja kwenye sabufa hutoa sauti hafifu isiyo wazi, kwa sababu tundu lake halikutengenezwa kwa pikapu za gitaa. Bora kiamplifaya kidogo cha hedifoni kinachochomekwa kwenye besi. Hedifoni ziwe za waya, kwani bluetooth huchelewesha sauti na utajifunza kuchelewa. Amplifaya ya gitaa la solo itumie kwa sauti ya chini tu.

Ukishanunua, weka nyuzi mpya za unene wa 45 hadi 105 (sehemu za elfu za inchi), kisha mpelekee fundi na umtajie vipimo: kwenye freti ya 12, uzi wa E uwe juu kwa milimita 2.5 hivi, wa G milimita 2. Akimaliza, piga sauti ya kengele kwenye freti ya 12 (gusa uzi kidogo tu juu ya freti bila kuubana), kisha bana freti hiyo hiyo na upige tena. Zikitofautiana kwenye tyuna, mrudishie asogeze briji kabla hujamlipa.