Kabla ya somo la mianzo ya sentensi

Kaa kwanza na madaftari ya wanafunzi wako, walau jioni moja, na kalamu nyekundu iwe mbali. Pigia mstari neno la kwanza la kila sentensi, basi. Nilipofanya hivyo kwa darasa langu la kidato cha pili nilikuta kurasa nzima za namna hii: "Niliamka mapema. Nilioga. Nilikunywa chai. Nilienda paki ya teksi. Nilipanda teksi. Nilifika Masaka saa nne." Sarufi haina kosa, ndiyo maana mtoto hushangaa akipata alama ndogo. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliza mtenda, kwa hiyo anayesimulia habari zake hujikuta kila sentensi inaanza na ni-. Na wengi wa watoto wetu hapa Uganda hukutana na Kiswahili wakiwa kidato cha kwanza; hiyo ndiyo sentensi wanayoiamini.

Kifungu kimoja cha hivyo kiandike ubaoni kabla kengele haijalia. Aliyekiandika umwombe ruhusa faraghani, na jina lake usilitaje.

Halafu kiandike upya wewe mwenyewe, nyumbani, usingoje kubuni mbele ya darasa. Changu kilikuwa hivi: "Alfajiri niliamka, nikaoga, nikanywa chai. Kwenye paki ya teksi nilikuta gari moja tu, nalo limebakiza kiti kimoja. Saa nne tulikuwa Masaka." Hiyo -ka- ya nikaoga na nikanywa imeziunganisha sentensi tatu kuwa moja. Wakati na mahali vimetangulia kwa kuwa msomaji alihitaji kujua yuko wapi. Lakini kile kiti kimoja sikukibuni. Nilimuuliza mwandishi alikuta nini pale paki, akanieleza. Mara nyingi mwanzo haubadiliki mpaka mtoto akumbuke alichokiona, basi andaa maswali ya kumkumbusha.

Mbinu mbili zatosha kwa kipindi cha dakika 40: kutanguliza mahali au wakati, na -po- ya wakati, kama katika nilipofika. Hiyo ya pili jipange nayo vizuri, maana mwerevu mmoja atakuuliza: "Mwalimu, mbona nilipofika nayo inaanza na nili-?" Ana haki. Msomee kwa sauti "Nilipofika nyumbani" kisha unyamaze. Darasa zima litangoja kilichofuata. "Nilifika nyumbani" haimngojeshi mtu. Wanaozungumza Luganda wanalo jambo hili tayari: bwe nnatuuka ni nilipofika. Kama darasani wapo wa Lusoga au Ateso, waulize walimu wenzako mapema lugha hizo zinasemaje. Kosa litakalojitokeza ni "wakati nilifika" badala ya "nilipofika". Liwe na mfano wake katika maandalizi yako.

Ile orodha ya viunganishi, yaani pia, aidha, vilevile, zaidi ya hayo, naomba usiibandike ukutani. Wataichovya kila sentensi humo, na insha itasomeka kama kumbukumbu za mkutano.

Amua mapema utasahihisha vipi marudio ya makusudi. Mwanafunzi akiandika "Nilimwita. Nilimwita tena. Nilimwita mpaka sauti ikakauka," hiyo ni takriri, na mkono wako usiiguse.

Dakika kumi za mwisho zitengee kusoma kwa sauti, wawili wawili, kila mmoja akisoma insha ya mwenzake. Anapochoka msomaji, hapo mwandishi aweke alama kwa penseli.